Hesabu Kwenye Plasta Mbichi: Safari ya Marehemu Fundi Ndeti Kiema, 1939–1993

Usiku wa manane mto Kaiti ulisikika ukiteremka, ule mngurumo ambao kila mtu wa upande wetu anaujua, kwamba maji yamefika na hakuna wa kuvuka mpaka yapungue, na ni usiku huo, tarehe 11 Novemba 1939, kando ya mto huo karibu na Wote, tukiwa bado chini ya Wilaya ya Machakos, ndipo marehemu baba yetu, Fundi Ndeti Kiema, alipozaliwa, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kiema, na kwa kuwa mkunga alikuwa ng'ambo, nyanya yake ndiye aliyemkata kitovu, na kila alipoulizwa miaka ya baadaye mbona mjukuu wake ana sauti kubwa hivyo, alijibu, "Si alizaliwa akishindana na mto?"

Familia imemtuma Kaluki, kitinda mimba wake, asome historia hii.

Marehemu alianza shule ya misheni mwaka wa 1948, akamaliza darasa la nane Desemba 1956, akapita vizuri, lakini sekondari za Ukambani wakati huo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, basi Januari 1957 akapelekwa Kitui mjini kujifunza uashi kwa Fundi Abdulkadir, mzee wa asili ya pwani ambaye alijenga maduka mengi ya mji ule, na huko akafundishwa kuchanganya simiti, kushika timazi, kunyamaza wakubwa wakibishana, na kwamba mwanagenzi haondoki kazi ikiwa haijaisha, hata kama ameitwa kwao.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wengi wenu hamjawahi kulisikia kwake, maana hakupenda kulisema, kwamba Januari 1961 marehemu alipata nafasi katika shule ya ufundi, asomee ujenzi miaka mitatu, na wiki aliyotakiwa kuripoti ilikuwa ni wiki ileile ambayo zege la slabu ya duka moja lilikuwa limemwagwa nusu, na Fundi Abdulkadir akamwambia, "Ndeti mwanangu, utaniachaje na hii? Maliza kwanza, shule haina miguu, utaikuta palepale," naye kwa heshima akamaliza, akaja kufika shuleni na sanduku lake la bati kichwani akaambiwa kitanda chake kimeshapata mwenyewe, akageuka na lile sanduku, akarudi Kitui akapanda jukwaa la ujenzi, na ni lazima tuseme ukweli kwamba Fundi Abdulkadir alihuzunika kuliko yeye, na walibaki baba na mwana mpaka mzee huyo alipozikwa mwaka wa 1977.

Marehemu alirudi Wote mwaka wa 1964 akaanza kazi yake mwenyewe, na tarehe 14 Agosti 1965 akafunga ndoa kanisani na mama yetu, Syombua, ambaye mnamwona hapa mbele, wakajaliwa watoto wanne, Kiema, Kalondu, Mbuvi na Kaluki, na wajukuu saba, wa mwisho akiwa ni Ndeti mdogo, mtoto wa Kaluki, aliyezaliwa Oktoba mwaka jana na ambaye mnamsikia akilia huko nyuma mikononi mwa mama yake mkubwa.

Kuanzia mwaka wa 1968 alipokea wanagenzi, na huko ndiko sifa yake ilikotoka, kwa sababu aliweka sheria moja ambayo mafundi wenzake waliicheka, kwamba kwake mwanagenzi hafungwi na kazi, siku nafasi ya shule ikitoka anaondoka hata kama mwiko bado una simiti, na kwamba hakuna atakayekaa kwake akajua mikono tu, kila mmoja atasoma mpaka afanye mtihani wa serikali wa mafundi, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje, kisha avuke aende chuo. Na kwa sababu ubao wa kuandikia haukuwepo, alikuwa akimaliza kupaka plasta ukutani anawapa msumari, "Haya, nipigie hesabu ya matofali ya hiki chumba," wanaandika kwenye plasta ikiwa mbichi, ikiwa sawa wanaisawazisha na mwiko inapotea, ikiwa si sawa wanafuta wanaanza tena, na ole wako ukichelewa, maana jua letu mnalijua, plasta inakauka na makosa yako ndani.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1974 kwa nyumba ya Bi. Mwanahamisi kule Kitui, hesabu ya kijana mmoja ilikauka sebuleni, kubwa kama mlango, mwenye nyumba akaja na buibui lake likipepea, "Fundi, mimi niliomba nyumba, niliomba shule mimi?" marehemu akaomba radhi, akasema itachongwa leo hii, na yule mama akaikazia macho kwa muda, akasema, "Na tena si sawa, saba mara nane si hamsini na nne, mimi nauza kitambaa kwa yadi, mtanidanganya nini," watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na tangu siku hiyo kila alipopita kwenye kazi ya marehemu aliwauliza vijana jedwali la saba kabla ya kuwasalimia.

Jioni ilikuwa ni ukumbi wa kanisa, ambako Mwalimu Musembi wa sekondari alikubali kuwafundisha Kiingereza na fizikia watu waliokuwa wakisinzia kwa uchovu, na marehemu aliketi nao nyuma kabisa, na yeyote aliyesinzia alirushiwa kokoto. Vita vikubwa havikuwa vya masomo, vilikuwa vya wazazi, kwa mfano Mzee Mutunga, ambaye ametupa ruhusa kulisema hili, mwanawe Mutie alipopata nafasi ya diploma Nairobi mwaka wa 1980 mzee alifika kwetu asubuhi na mapema na fimbo, "Ndeti, nilikuletea kijana ameshindwa na shule, wewe unamrudisha shuleni tena? Sasa nitajengewa na nani?" na marehemu, badala ya kubishana, akachinja mbuzi siku hiyohiyo na kumkabidhi Mutie mwiko na timazi mbele ya watu, kama anavyokabidhiwa mwanagenzi aliyemaliza, akasema, "Mzee, hajaacha ufundi, ameuongezea kichwa, likizo atakujengea." Mutie alijenga nyumba ya babake kwa likizo tatu, leo anafundisha ujenzi chuoni, na ni mmoja wa kumi na tisa waliovuka kutoka kwenye jukwaa la marehemu, wengine wako hapa, ndio waliobeba jeneza.

Kaluki alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1989, akaomba kufundishwa, marehemu akamtazama akamwambia nyumbani ni baba, kazini ni fundi, Kaluki akavaa suruali akapanda, na maneno yaliyosemwa sokoni kuhusu msichana juu ya jukwaa hatutayarudia mbele ya mchungaji. Alipita mtihani wa mafundi, kisha akapata mimba, mengine yakasemwa, na marehemu akamwambia tu asibebe matofali, apige hesabu.

Kifua kilianza kumsumbua marehemu mwaka wa 1989, akatibiwa hapa Wote akapata nafuu, kikarudi kwa nguvu Februari mwaka huu, akalazwa hospitalini Machakos, na ni wakati huo nafasi ya Kaluki ilipotoka, diploma ya ujenzi, Nairobi, kuripoti Jumatatu tarehe 3 Mei 1993. Ndugu wakakaa kikao, Baba Mdogo Mutiso akasema, kwa nia njema tunajua, "Mtoto wake ana miezi sita, Ndeti yuko kitandani, huyu ataenda kumsomea nani?" na Kaluki kusema kweli akakubaliana naye, akaenda Machakos akamwambia marehemu, "Baba, tangi la maji tunalowajengea shule bado halijapigwa plasta, nitaenda mwaka ujao likiisha."

Marehemu alikuwa amelala, akajiinua, nesi akakimbia kumshika, akasema kwa ile sauti ambayo wote mlidhani imekwisha, "Hiyo sababu naijua, ilinilia shule yangu, usiniletee mimi! Tangi atalimaliza Mutie. Mtoto atakaa na Syombua. Sasa niambie ni nini hasa." Akawaomba wote watoke. Kaluki alibaki naye mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha, akamwambia ni nini hasa, na marehemu naye akamwambia lake, la tangu siku ya kwanza alipopanda jukwaa kule Kitui. Aliaga dunia asubuhi ya Ijumaa, tarehe 16 Aprili 1993.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Machakos na Wote, hasa yule nesi, majirani waliotuchotea maji wiki hii yote, kanisa, Mwalimu Musembi, mafundi wenzake wa Kitui na Makueni, na wanagenzi wake, ambao jana walikwenda wenyewe wakapiga lile tangi plasta bila kuitwa na mtu.

Baba Mdogo, kwa heshima zote, sanduku la Kaluki la shule limeshafungwa, na Mama ameshamzoesha mtoto uji.

Tulia sasa, Fundi, pumzika kwa amani, kazi iko mikononi mwa watu, na yale tuliyoambiana pale kitandani, hofu yangu na hofu yako, ni yetu wawili, Kaluki amekuahidi mbele ya kaburi hili kwamba hatamwambia mtu mwingine.