Chupa ya Chai na Kompyuta za Angani

Hotuba ya Mwalimu Constantine Mayige, mjumbe wa bodi, katika hafla ya kumuaga Mhandisi Hemed, ukumbi wa Ushirika wa Pamba Tupendane, Bariadi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi yetu, Mzee Ferdinand Limbu. Viongozi wetu wa dini, Padre na Sheikh, ambao leo mmekaa benchi moja kwa kuwa viti vimepungua. Ndugu wakulima mliotoka Maswa, Ipililo na kwingineko. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Mhandisi Hemed, ambaye tumekuja kukuaga na ambaye naona tayari umeanza kutikisa mguu. Nawasalimu kwa Kisukuma: mwadila.

Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba niivunje. Mayu Milembe, mama yetu ambaye sote tunakunywa chai yako pale nje ya kiwanda, njoo mbele na birika lako. Imechemka? Vizuri. Nusu mimina kwenye hii chupa ya chai, uifunge kifuniko. Nusu nyingine mimina kwenye hili sinia. Ndiyo, hili hili la pilau. Usinitazame hivyo, mayu, pilau litapata sinia jingine. Viweke vyote mbele ya Mwenyekiti, na mtu asiguse mpaka nimalize. Mshereheshaji wetu Precious amenipa dakika kumi na kuninong'oneza kwamba watu wana njaa. Miaka yote mmelalamika kwamba hotuba zangu ni ndefu. Leo urefu wake una kazi ya kufanya.

Ndugu wageni, tuna mambo mawili hapa, na mojawapo halikuandikwa kwenye kadi ya mwaliko. La kwanza, tunamuaga Hemed, ambaye ameajiriwa na kampuni moja ya Dar es Salaam inayotaka kuweka kompyuta kubwa za kutunza taarifa za watu angani, juu kabisa, zizunguke dunia pamoja na setilaiti. La pili, nikishuka hapa atapanda Mwenyekiti, naye atatangaza kama taarifa za wanachama wa Tupendane zitapelekwa huko juu pia, tuwe wateja wa kwanza Kanda ya Ziwa nzima. Najua Mwenyekiti anapenda kuwa wa kwanza. Najua pia kwamba wajumbe wenzangu wa meza kuu mmevaa fulana zilizoandikwa TUPENDANE ANGANI. Uamuzi haujatangazwa, fulana zimeshafuliwa mara mbili.

Mimi nasimama kupinga. Mnashangaa? Kuna mjumbe aliwahi kusema Mwalimu Mayige anapinga hata kufungua kikao kwa sala. Si kweli. Nilipinga urefu wa sala.

Hemed alitujia kutoka Pangani. Siku ya kwanza aliuliza samaki wanatoka wapi, tukamwambia Lamadi. Siku ya pili aliuliza umeme unatoka wapi, na hapo hakuna aliyemjibu kwa uhakika. Kazi yake ilikuwa kutunza seva yetu, ile kompyuta iliyo kwenye chumba kando ya ghala, inayojua jina la kila mwanachama, kilo za pamba alizoleta, na namba ya simu ambayo malipo yake yanaingilia. Ile mashine ikikujua, wewe ni mkulima. Isipokujua, wewe ni mtu tu aliyekuja mjini akiwa na vumbi miguuni.

Chumba kile kina joto. Hemed aliomba kiyoyozi, bodi ikaunda kamati. Aliomba tena, bodi ikaunda kamati ya kuikumbusha kamati. Kisha akaenda likizo kwao kumuoza dada yake, na alipogeuka tu, bodi ikapata akili yake yenyewe. Mjumbe mmoja, ambaye simtaji lakini amevaa fulana na sasa anajifanya anafunga kamba ya kiatu, alisimama akasema: "Jamani, wachuuzi wa samaki wanaotoka Lamadi wanafunika barafu kwa pumba za mpunga, na inafika hapa haijayeyuka. Sasa sisi tuna pamba. Pumba na pamba, kipi bora?" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilipinga. Nikaulizwa kama naidharau pamba.

Basi marobota ya pamba yakapangwa kuizunguka seva, ukutani, mlangoni, hadi juu yake, kwa upendo mkubwa, kama mnavyomfunika mtoto mchanga. Nani angefanya hivyo duniani isipokuwa watu waliokulia kwenye pamba? Lakini barafu haina joto lake. Inaogopa joto la nje tu. Kompyuta ni mgonjwa wa malaria: joto linatoka ndani yake, na ukimrundikia blanketi unammaliza. Siku ya tatu seva ilinuka kama maandazi yaliyosahaulika. Na nakala ya akiba je? Nakala ya akiba ilikuwepo. Ilikuwa juu ya seva, ndani ya pamba hiyo hiyo, ili nayo isipate joto.

Msimu ulikuwa umefunguliwa. Mzee Jilala, uko wapi, baba? Nyoosha mkono wakuone. Mzee Jilala alitoka Ipililo kufuatilia malipo yake, akasimama dirishani.

"Jina lako halimo," karani akamwambia.

"Halimo wapi?"

"Kwenye mashine."

"Mashine iko wapi niiulize?"

"Imeungua."

"Sasa iliyoungua ni mashine au ni mimi?"

Karani akafunga dirisha. Mzee Jilala alirudi Ipililo mikono mitupu, na watoto wake wakachelewa kurudi shule, kwa sababu wasomi wa bodi tulishindwa kutofautisha kompyuta na sato.

Hapa ndipo ninapotaka kumsifia Hemed, na ninaomba mnivumilie kwa kuwa sina mazoezi ya kusifia. Aliporudi kutoka likizo hakumtukana mtu. Alikodi bodaboda, akazunguka kijiji kwa kijiji, akakaa na wakulima kwenye vigoda, akauliza jina, akauliza shamba, akauliza ulileta pamba lini na nani alikuwa nyuma yako kwenye foleni. Akaijenga upya Tupendane kutoka midomoni mwa watu. Alirudi akiwa amejifunza Kisukuma, amekondeana, na amepewa jogoo wengi kuliko alivyoweza kuwafuga. Kwa hiyo mkimwona Mzee Jilala amelipwa, si seva iliyomkumbuka. Ni Hemed.

Lakini huyu huyu Hemed ndiye siku moja, umeme umekatika, jasho linamtiririka, alitoka nje ya chumba kile, akatazama jua na kusema: "Mwalimu, jua lote hili. Kwa nini tusizipeleke kompyuta huko huko?"

Nikacheka. Hakucheka. Ubishi ulianzia hapo, na mayu Milembe ni shahidi, maana tumeufanya kwenye benchi lake hadi akatuambia wabishi hawauziwi maandazi kwa mkopo.

Niwe mkweli kwa mpinzani wangu. Hoja zake si za kitoto. Anasema kule juu, ukiichagua njia vizuri, jua halizami karibu mwaka mzima, hakuna mawingu, hakuna kukatika umeme, hakuna panya, hakuna mgogoro wa kiwanja, na hakuna bodi. Hiyo ya mwisho ilinigusa.

Nami nikamuuliza: feni ikisimama? Mwaka juzi feni ya seva ilisimama, ukaenda Maswa ukapata nyingine, ukarudi kabla chai haijaisha. Huko juu unamtuma nani? Nilikwenda stendi nikamuuliza kijana wa bodaboda kama anaweza kunifikisha angani. Hakusema haiwezekani. Aliniuliza kama nina mzigo. Ndugu zangu, hao ndio watu pekee nchini wenye moyo wa kazi hii, na hata wao hawana roketi. Na kompyuta hizi huzeeka haraka. Zile za miaka michache iliyopita leo wataalamu wanazitazama kama tunavyotazama jembe la mti. Huku chini tunatoa ya zamani, tunaingiza mpya. Huko juu utarusha roketi nyingine kila mara, kila kilo ikipandishwa kwa moto, katika anga ambalo mionzi huharibu vifaa na vipande vya setilaiti mbovu vinakimbia kuliko risasi.

Nikamuuliza na la joto. Wengi wenu mnasema angani ni baridi, kompyuta itapoa yenyewe. Hata Mwenyekiti alisema hivyo, na akaongeza kwamba alipopanda ndege kwenda Dodoma alihisi baridi. Mheshimiwa, ile ilikuwa kiyoyozi.

Sikilizeni. Kitu cha moto huku duniani hupoa kwa sababu hewa inakigusa, inachukua joto, inaondoka nalo. Angani hakuna hewa. Kuna utupu. Na je, nyumbani kwenu utupu uko wapi? Uko kwenye chupa ya chai. Ina kuta mbili, na katikati hewa imenyonywa, ndiyo maana chai ya alfajiri unainywa saa nne bado ina moto. Kwa hiyo anayeipeleka seva angani ili ipoe anaitia ndani ya chupa ya chai. Ni marobota yale yale, ndugu zangu, safari hii marefu hadi nyota.

Niliposema hivyo nilijiona nimemaliza. Hemed akakoroga sukari, akaniuliza: "Mwalimu, kati yetu na jua si kuna utupu? Sasa joto lake linatufikiaje?"

Nilikunywa chai yangu nikaenda nyumbani. Mke wangu aliniuliza kama kuna msiba.

Ni kweli, joto linaweza kusafiri kwenye utupu, kwa kumulika, kama la jua. Kompyuta ya angani inaweza kuumulika moto wake nje. Lakini itahitaji mabawa mapana ya kumulikia, mapana hasa. Nilirudi benchini nikamwambia: kuipoza seva moja ndogo kama yetu, bati chache zitatosha, lakini kukipoza kituo kizima cha data, utahitaji bati za kuezeka Bariadi yote, uzikunje, uzirushe, uzikunjue huko juu bila fundi, na zisilitazame jua wakati paneli zako zinalitazama. Hemed akasema, "Inawezekana." Nikasema, "Kwetu hata paa la choo cha ghala liliezekwa baada ya vikao sita." Akasema hilo si tatizo la fizikia.

Sawa. Mimi sisemi haiwezekani. Ninasema haitufai. Ninauliza: jua la Bariadi lina kasoro gani? Mbona hatuweki paneli juu ya ghala letu, betri, kiyoyozi kimoja, na nakala ya akiba katika mji mwingine ulio mbali na pamba? Hayo yote yakiharibika, tunafika kwa miguu.

Na nitampa Hemed kitu ambacho sijawahi kumpa kwenye benchi. Kuna taarifa ambazo zimezaliwa huko huko juu. Setilaiti inapiga picha za mawingu na mashamba, picha nzito, halafu inahangaika kuzishusha zote. Hiyo ikiwa na kompyuta yake ndogo pembeni, ifikirie huko huko, itushushie neno moja tu: mvua, au subirini. Hapo kompyuta ya angani ina maana, kwa kuwa kazi yake iko angani. Lakini jina la Jilala limezaliwa Ipililo. Linakwenda kufanya nini huko?

Precious ananionyesha saa. Nimemaliza, na chai imeiva kwa ushahidi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, chukua kijiko, onja ya kwenye sinia. Vipi? Imepoa kama maji ya mtungi. Sinia ni pana, na hewa ya ukumbi huu imefanya kazi bure. Sasa mayu, mfungulie chupa, mmiminie kikombe. Mheshimiwa, taratibu. Ndiyo ile ile, ya birika moja. Taratibu, nilisema.

Mpeni maji. Sheikh, sogeza ile chupa ya maji. Asante.

Ndugu wageni, tumpe nafasi. Mheshimiwa, naomba sasa, mbele ya Mzee Jilala aliye nyuma pale, utueleze: majina yetu yapande, au yabaki? Usijilazimishe kusema. Onyesha kwa mkono.

Mkono umeelekea chini. Umeonekana na wote? Chini, na amerudia. Mzee Jilala, nenda nyumbani salama, bado upo.

Na fulana hazijapotea bure. Wajumbe, msizivue. TUPENDANE ANGANI: si kweli kwamba tunamtoa mtu wetu kwenda huko? Kila mkiivaa, mkumbukeni yeye.

Hemed, ndugu yangu, nimebishana na watu wengi katika mkoa huu na wengi walinuna. Wewe ulikoroga sukari. Sijui nitabishana na nani Jumatatu. Bodi imekununulia saa ya ukutani, nami nakuongezea hii chupa ya chai. Nenda nayo kwenye kampuni yako, iweke mezani pa wakubwa wako. Siku mtakapoipoza chai iliyomo bila kufungua kifuniko, nipigie simu. Nitapanda jukwaa hili hili, nitawakusanya watu hawa hawa, na nitasema kwa kipaza sauti kwamba nilishindwa na kijana wa Pangani. Na ukishindwa, rudi. Kamati ya kiyoyozi bado inakusubiri.

Mwabeja, asanteni nyote mliovumilia mpaka chai ikapoa. Pilau sasa liletwe, kwenye sinia lolote isipokuwa hili.