Mama Evarista Chilumba, Aliyepima Mto kwa Kiuno Chake (1961–2025)

Dada yetu Evarista alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Nambawala, Masasi, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Yohana na Mama Sofia Nampoto. Mfupi alizaliwa, mfupi akabaki, na hakuna aliyethubutu kumtania kwa hilo mara mbili.

Alisoma Shule ya Msingi Nambawala kuanzia 1970 hadi 1976. Walimu walimkumbuka kwa ubishi: jibu lisilo na ushahidi hakulikubali, hata litoke kwa mwalimu mkuu.

Mwaka 1979 alikuja Dar es Salaam kwa mjomba wake, fundi wa magari mtaani Gerezani, akaanza kazi kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mwaka 1992 alifungua duka lake la vipuri vya magari ya porini, ambalo wateja kutoka Lindi mpaka Songea walilijua kwa jina la Kwa Mama Jack.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Bryson Chilumba, dereva wa zahanati ya misheni ya kwetu Masasi. Alisafiri naye mara nyingi, na wakifika mtoni yeye ndiye aliyeshuka. Desturi ya madereva wa kwetu ni mtu kutangulia kwa miguu. Maji yakipita kiuno, gari halivuki. Mwaka 2008 maji hayakupita kiuno, lakini gari likazima katikati ya mto, kwa kuwa tundu lake la kuvutia hewa lilikuwa chini na injini ikanywa maji. Mama mjamzito waliyekuwa wakimkimbiza hospitali alifia ukingoni. Evarista alimlilia mwanamke yule miaka yote.

Kwa hiyo mwaka 2021, kampuni ya magari ilipotangaza kwamba toleo jipya la ukanda wetu litakuja bila bomba refu la kuvutia hewa kutoka juu, aliwakusanya wateja wake 143 wakaandika barua. Wenzake wa Gerezani walimwonya kwamba anaipiga teke riziki yake, maana injini zilizokunywa maji ndizo zilizomletea wateja. Aliwajibu kwamba riziki ya namna hiyo haimpi usingizi.

Barua ilisema maji hufika kiunoni. Kampuni ikauliza: sentimita ngapi? Hapo kikazuka kizaazaa dukani. Wengi walitaka apimwe Nurdin, dereva mrefu kama mlingoti, ili kampuni ishtuke. Evarista alikataa.

"Mtoni nilishuka mimi, siyo Nurdin," alisema. "Tukiongeza hata kidole, barua yote ni uongo."

Akaitwa Mzee Chandu, fundi cherehani wa Kariakoo, na futi yake ya kupimia nguo.

"Simama wima, Mama Jack, na usijinyanyue kwa vidole," alimwambia.

Ikawa sentimita 92, zikachorwa kwa rangi nyekundu kwenye mwimo wa mlango wa duka, na ndizo zilizoandikwa. Waliomba mambo matatu. Mawili yalikataliwa, lakini mwaka 2023 magari ya ukanda huu yalishuka bandarini yakiwa na bomba hadi usawa wa paa.

Alianza kuugua figo Juni 2024. Aliaga dunia Ijumaa, tarehe 21 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, Jacqueline, Seifu na Violeth, na wajukuu watano.

(Aya hii haimo katika ratiba iliyochapwa; imeandikwa kwa mkono leo asubuhi.) Jana mvua iliukuta msafara wetu wa mazishi mtoni, karibu na nyumbani Nambawala. Shemeji Bryson, kwa miaka yake sabini, alivua viatu akatangulia kupima maji. Alirudi akasema, "Ni kiuno cha Evarista. Twendeni." Gari lililombeba dada ni la toleo lile, na mwendeshaji wake alikuwa Nurdin. Halikuzima. Mungu ampokee ng'ambo ya pili, ampumzishe kwa amani.