Kikombe cha Mchekeshaji

Benchi lile, kati ya banda la kinyozi na meza ya mpiga pasi, lina sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na pengine ndiyo maana inafuatwa: anayewachekesha wenzake halipi kahawa. Katibu, aliyegonga mihuri ofisini mpaka bega moja likashuka, hajalipa tangu astaafu. Jana Fundi Viatu, mwenye kigugumizi, alikuja na habari. Kabla hajaimaliza, Katibu akatangaza kwamba maneno ya Fundi bado yako foleni yanasubiri muhuri, kisha akamwigiza. Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Leo kigoda cha Fundi ni kitupu, naye Katibu hajafika, kwa hiyo ujasiri umejaa tele.

— Mtu wa namna ile dawa yake kumnyamazia, alisema Kinyozi. Kimya kingi kina mshindo.

— Mshindo upi? Mpiga Pasi akamrudi. Umemnyamazia miaka yote, na anayenenepa ni yeye.

Mpiga Pasi alitaka kamati: imwite, imsomee mashtaka, impe muda wa kujitetea. Muuza kahawa akaona hiyo ni huruma iliyopitiliza. Kila dhihaka iombewe kibali kwanza, nakala mbili, moja abaki nayo anayedhihakiwa. Haba na haba hujaza kibaba, akaongeza, na hakuna aliyeuliza kibaba kimeingiaje hapo.

— Na akinyimwa kibali? aliuliza Kinyozi.

— Akate rufaa.

— Kwa nani?

— Kwa Katibu. Nani mwingine anazijua taratibu?

Wakaangua kicheko. Kilipotulia, mke wa Fundi Viatu alikuwa mbele yao, kigoda cha mumewe tayari kwapani.

— Shemeji zangu, jana mwenzenu alitoka nyumbani akijifunza njia nzima namna ya kuwaambia kwamba binti yetu amepata mchumba. Karudi hasemi. Nimembana, kanijibu tu kwamba mlicheka sana. Hebu nisimulieni na mimi nicheke. Kilichochekesha ni nini?

Mpiga Pasi akaipapasa pasi iliyokwisha kupoa. Muuza kahawa akasuuza vikombe visafi. Kando ya Kinyozi, kikombe cha Katibu, ambacho Kinyozi mwenyewe alikilipia mapema kwa mazoea, kilikuwa bado kinafuka.

— Ni... alianza Kinyozi. Ilikuwa... ni...

Yule mama akamsubiri kwa adabu, kama mtu aliyezoea kusubiri neno, wala hakummalizia.