Utepe wa Fundi na Mtoto wa Kisahani

Waombolezaji wapendwa, kabla hatujaanza, kila mmoja aweke mkono kifuani na kuapa kwamba haya hayatavuka turubai hili, mmeapa, ahsanteni, sasa tunaomba kipaza sauti kiongezwe, maana marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe mpaka wapita njia wasikie.

Marehemu, Mama Uzi kwa wateja wake, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 katika nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma hadi darasa la saba, akakalia cherehani mwaka 1974 na hakuinuka. Alifunga ndoa na dereva wa gari la mizigo tarehe 6 Agosti 1983, wakakaa miaka kumi na mitatu bila mtoto, huku wifi yake mkubwa, ambaye tunaye hapa, akimwita kabati tupu.

Tarehe 9 Septemba 1996 alijifungua binti, na siri ndiyo hii, mimba ilitungwa maabara, kwenye kisahani, kwa mbegu ya mume na yai la mke, halali kama cheti chao cha ndoa. Wifi alipoinusa akatangaza bombani kwamba mtoto wa kisahani hatatembea, akitembea hatasema, akisema hatasoma, na marehemu akamjibu huku akitunga uzi kwenye sindano, kwamba mbona wako, wifi, aliyetungwa bila daktari, darasa la pili kalisoma mara tatu. Wifi hakukoma, kila mwezi alileta gauni la kupunguzwa, kumbe anavizia utepe wa kupimia ampime mtoto kichwa, mpaka mwaka 1997 utepe wenyewe, wa njano wenye fundo, ukatoweka, wakasingiziwa panya.

Binti alitembea akiwa na miezi kumi na minne, akachelewa kusema na alipoanza hajanyamaza, hesabu zilimtoa jasho kama baba yake, leo ni fundi umeme na ana mtoto wa miezi sita. Wifi akageuza kibao, eti kasoro huruka kizazi, itamwangukia mjukuu.

Figo zilimsumbua marehemu tangu mwaka 2020, akafariki tarehe 14 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti huyo huyo.

Tunawashukuru madaktari, wale wa figo na wale wa kisahani, majirani, mafundi wenzake, na wifi, ambaye, hebu geukeni nyuma, safu ya mwisho, amempakata mjukuu, na utepe wa njano wenye fundo kwenye sentimita ya arobaini umemzunguka mtoto kichwani.

Soma namba kwa sauti, wifi.

Pumzika kwa amani, fundi, utepe wako umeonekana.