Maombi ya Kuwekewa Mikono

Tuktuk iliporuka shimo kwenye barabara ya Navakholo, Sylvia alishika tumbo. Siku tano zilikuwa zimepita tangu apasuliwe kuondoa ngozi iliyolegea baada ya kuzaa mapacha, na daktari alimwonya kwamba kidonda kikiguswa na mikono michafu, kitatunga usaha.

"Pole, mwanangu," alisema mama asiyemjua, aliyeketi kando yake amempakata kuku, Sylvia alipomweleza habari ya kidonda. "Watu wa kanisa watakuja kukuwekea mikono, upone."

"Hiyo ndiyo ninaogopa, mama. Wanatokanga shambani moja kwa moja. Nitaweka beseni na sabuni mlangoni."

"Umnawishe mchungaji kama mtoto?"

"Hata askofu atanawa. Kisha ataombea hapo hapo mlangoni."

"Maombi ya kutoka huko mbali yatakufikia yakiwa yamepoa!"

Sylvia alicheka, akajuta papo hapo, maana kicheko kiliuma kuliko shimo.

Tuktuk ilisimama. Langoni kwa Sylvia, akina mama wa kanisa walikuwa wameshaanza wimbo, mikono juu, udongo wa shamba ungali kwenye kucha. Yule mama alimkabidhi dereva kuku, akapangusa viganja kwenye leso.

"Shuka polepole, mwanangu," alisema kwa upendo. "Acha nije niwasaidie kukuombea."