Dakika Kumi Dirishani: Maisha ya Bezabih Lakew, Mkaguzi wa Tiketi

Marehemu Bezabih Lakew alizaliwa tarehe 12 Tir 1940 kwa kalenda yetu, siku moja baada ya sikukuu ya Ubatizo, katika stesheni ya Afdem. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Lakew Damte, fundi wa njia ya reli, na Bi. Askale Mamo, aliyewauzia abiria mikate na mayai ya kuchemsha. Mama yake alisema uchungu ulimshika treni ikiwa imesimama, akauza mayai yote kwanza ndipo akaenda kujifungua. Marehemu aliipenda sana habari hiyo, na kila alipoisimulia mayai yaliongezeka. Ndugu zake wawili walimtangulia mbele ya haki.

Mwaka 1948 alipelekwa Dire Dawa kwa mjomba wake, akaingia shule ya watoto wa wafanyakazi wa reli. Huko walisomeshwa Kifaransa. Yeye alikuja na Kiamhara cha mama yake na Kioromo cha wachungaji wa Afdem, wenzake wakamcheka mpaka akafunga mdomo muhula mzima. Mwalimu alimwita baba yake kumweleza kwamba mtoto huenda ni bubu. Mzee Lakew akajibu, "Huyu si bubu, Mwalimu. Anasubiri zamu yake." Zamu ilipofika hakunyamazishika tena. Alimaliza darasa la nane mwaka 1956.

Aliajiriwa na reli mwezi Meskerem 1959 akiwa msaidizi, na kuanzia mwaka 1964 hadi alipostaafu mwezi Sene 2000 alikuwa mkaguzi wa tiketi kati ya Awash na Jibuti. Abiria walimwita Musiye, yaani "bwana" kwa Kifaransa, kwa sababu ya koti lake na Kifaransa chake. Watu wa Dire Dawa watamkumbuka kwa hilo koti, maana alilivaa hata alipokwenda kununua vitunguu.

Lugha alijifunza kazini, na namna alivyojifunza ndiyo iliyomfanya awe mtu aliyekuwa. Katika stesheni ndogo treni ilisimama dakika kumi. Marehemu alitoa kichwa dirishani, akanunua kitu asichokihitaji, na kumwomba muuzaji neno moja au sentensi moja. Safari ya kurudi aliirudia sentensi hiyo na kuomba nyingine. Aliandika yote katika daftari lenye jalada jeusi, akilipanga kwa stesheni. Ukurasa wa Mieso ni Kioromo, wa Awash ni Kiafar, wa Adigala ni Kisomali, wa Jibuti ni Kiarabu cha wapagazi. Pembeni mwa kurasa aliandika mambo ya maisha jinsi alivyoyaona. Ameandika: "Ukitaka lugha ya watu, nunua kwanza wanachouza." Tena: "Anayecheka matamshi yako amekusikiliza. Mwogope asiyecheka." Na chini ya ukurasa wa Mieso: "Mayai ya Mieso si kama ya Mama."

Ila katika daftari lote, la kurasa mia na kumi na mbili, hakuna neno hata moja la kuagana. Hakulihitaji. Alijua kuanza mazungumzo kwa lugha sita, lakini kuyamaliza hakujua hata kwa moja, kwa kuwa kila mara filimbi ndiyo iliyoyamaliza.

Mwalimu aliyempenda kuliko wote alikuwa Dahabo Robleh, muuza maziwa ya ngamia pale Adigala, mwanamke mwenye ulimi mkali. Marehemu alisimulia kwamba siku moja mama huyo alimwambia, "We mtu wa tiketi, bei ya maziwa unaijua tangu mwaka juzi. Leo niulize habari za ngamia wangu, na wao wana adabu zao." Akauliza. Wanawake wote waliokuwa na madumu yao wakaangua kicheko.

"Unaongea kama mtoto anayelilia uji," Dahabo akasema.

"Basi nipe uji."

"Uji wanapewa wanaoshuka chini wakakaa. Wewe hukai."

Walitaniana hivyo miaka ishirini na sita, dakika kumi kumi. Katika safari yake ya mwisho Dahabo hakumfundisha kitu. Alishika ukingo wa dirisha akasema, "Miaka yote nakufundisha kuuliza. Leo nauliza mimi. Nyumbani kwako kuna nani?" Filimbi ikalia, marehemu akapunga mkono. Mwaka uliofuata reli ya zamani nayo ilisimama, na swali lile likabaki naye.

Tarehe 18 Tir 1967 alifunga ndoa na Bi. Etagegn Belachew, mshonaji wa mtaa wa Kezira, Dire Dawa. Walijaliwa mtoto mmoja, Wubit, aliyezaliwa mwezi Nehase 1970, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Ndoa yao ilikuwa ya amani, na kwa sehemu kubwa ilikuwa ya mtu mmoja. Bi. Etagegn aliweka vikombe viwili mezani kila jioni, awepo asiwepo. Mtoto alipouliza kwa nini, alijibu, "Kikombe hakidai kitu kikikaa hapo."

Bi. Etagegn alifariki kwa homa ya ghafla tarehe 9 Miyazya 1986. Treni ya marehemu ilikuwa imekwama stesheni ya Aysha, na mafuriko yalikuwa yamebeba daraja mbele yake. Chama cha kuzikana cha mtaa kilipuliza tarumbeta alfajiri, kikasimamisha hema, kikabeba jeneza, na marehemu alifika mkewe akiwa ameshazikwa siku mbili. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano. Alimkuta mlangoni akamuuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Aysha. Daraja…"

Binti akafunga mlango wa chumba. Siku ya tatu hema likakunjwa. Siku ya nne marehemu alivaa koti akarudi kwenye treni.

Baada ya hapo binti alilelewa na shangazi wa mama yake mjini Adama, akasoma huko, akaolewa huko. Yeye na baba yake waliongea kwa simu kila Jumapili. Hujambo, sijambo. Watoto wazima, wazima. Mvua imenyesha, haijanyesha. Kisha mmoja aliitwa na kazi. Miaka kumi na minane walizungumza kama watu wa stesheni, na asiseme mtu kwamba kosa lilikuwa la baba peke yake.

Mwezi Hidar 2005 marehemu alipanda lori la mboga kwenda Adigala, akiwa na kilo mbili za sukari na shali, kumjibu Dahabo swali lake. Njia nzima alifanya mazoezi ya jibu kwa Kisomali: nyumbani kwangu hakuna mtu, nina binti, yuko Adama. Alishuka karibu na reli iliyoota miiba, akaingia kwenye kibanda cha chai, akaulizia muuza maziwa. Mwanamume aliyekuwa akimimina chai akasema, "Dahabo ni mama yangu. Tumemzika mwezi uliopita."

Marehemu alikuwa na Kisomali cha bei, cha mvua, cha ngamia, hata cha matani. Cha msiba hakuwa nacho, kwa sababu katika dakika kumi hakuna mtu aliyewahi kufiwa dirishani. Alisimama tu ameshika sukari yake.

Yule bwana, jina lake Waberi, alimtazama koti. "Wewe ndiye Musiye. Mama alisema huwezi kukaa."

"Treni ilikuwa inaondoka, mwanangu."

"Treni haipo, mzee. Keti."

Alikaa siku tatu. Siku ya pili dada yake Dahabo alimwonea huruma akamfundisha. "Husemi mengi," alimwambia. "Unasema: subira na imani. Halafu unanyamaza, unakaa. Kukaa ndiko kusema kwenyewe." Marehemu aliandika maneno hayo mwishoni mwa ukurasa wa Adigala. Chini yake aliandika kwa Kiamhara: "Wubit sijampa pole."

Kutoka Adigala hakupumzika nyumbani, alikwenda moja kwa moja Adama. Binti alikuwa akikaanga vitunguu. Alimkuta baba yake mlangoni na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mungu akutie nguvu kwa msiba wa mama yako," marehemu akasema.

"Baba, huo msiba una miaka kumi na minane."

"Najua. Nimechelewa."

"Ingia basi. Nawa mikono, chakula kinapoa."

Sisi sote hapa tunajua kwamba mfiwa akipewa pole huitika Amina. Ni neno moja, hata mtoto hulisema. Binti hakulisema. Marehemu aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango siku tatu nzima, anakula akipewa, anajibu akiulizwa, mpaka wajukuu wakamuuliza mama yao nani amekufa. Asubuhi ya siku ya nne alisubiri mpaka saa nne. Binti akasema atachelewa sokoni, na marehemu akaenda kutafuta basi.

Tangu hapo hakukosa msiba wowote mtaani kwetu. Aliingia katika kila hema, la Mkristo na la Mwislamu, la aliyemjua na asiyemjua. Alijifunza maneno ya pole ya kila kabila la Dire Dawa, kisha akanyamaza na kukaa mpaka kamba za hema zifunguliwe. Mwenyekiti wa chama chetu alimtania, "Bezabih, siku ukifa mabenchi yetu yatapumzika." Naye alijibu, "Hayatapumzika. Mtayakalia ninyi." Misiba ilipokwisha alirudi chumbani kwake peke yake. Mezani kulikuwa na vikombe viwili.

Mwezi Tikimt 2016 miguu ilianza kumvimba, na madaktari wakasema ni moyo. Hakumwambia binti yake. Majirani ndio waliompigia. Binti alifika tarehe 9 Yekatit akakaa naye siku kumi na moja. Ndizo siku nyingi zaidi walizowahi kukaa pamoja mfululizo, na katika siku hizo marehemu alimsimulia haya yote, Dahabo na mayai na sukari. Alicheka sana. Binti aliuliza dawa zinapatikana wapi, baba akauliza kama Adama bado kuna upepo. Kila asubuhi binti aliamka akidhani leo ndiyo siku ya kumwitikia, na kila siku kulikuwa na uji wa kupika au shuka la kufua. Mtu hujiona ana muda.

Jumatano tarehe 20 Yekatit 2016, saa mbili na nusu asubuhi, alisema anatamani mkate. Binti alikwenda dukani, hapo ng'ambo ya barabara. Aliporudi na mkate ungali wa moto, jirani alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mdomoni. Marehemu alifariki akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Binti hakuwa Aysha wala hakukuwa na mafuriko, lakini naye hakuwepo.

Kuna jambo ambalo marehemu hakulijua, na halina budi kusemwa mbele yenu mliomzika. Binti yake alijua habari za daraja. Mkuu wa stesheni alikuja nyumbani siku ileile ya msiba akawaeleza watu wote. Alijua tangu mwanzo kwamba baba yake asingeweza kufika, na alipofunga mlango hakufunga kwa sababu ya daraja. Kilichomuuma ni siku ya nne. Alikuwa amesubiri ndani ya chumba kile baba agonge. Badala yake alisikia mlango wa nje, kisha viatu vikishuka ngazi. Angeweza kulisema hilo kwa simu Jumapili yoyote. Angeweza kulisema kwenye vitunguu. Alinyamaza kwa kiburi, na kiburi chake alikirithi kwa marehemu mwenyewe, pamoja na pua.

Marehemu ameacha binti mmoja, Wubit. Mkwe mmoja, Dagnachew. Na wajukuu wawili, Hirut na Yosan. Ameacha pia rafiki mmoja wa Adigala, Waberi, ambaye jana alipopigiwa simu aliuliza jambo moja tu: "Nani anakaa naye?" Daftari jeusi litabaki kwa wajukuu. Familia inawashukuru majirani, chama cha kuzikana, na wote mliobeba jeneza kwenye jua hili.

Mzee Bezabih, pole yako ilifika. Binti yako anaitika leo: Amina. Lala sasa, baba wa watu, filimbi haitakuamsha. Hema lako litakunjwa siku ya tatu kama ilivyo desturi yetu, na siku ya nne binti yako atakuwa bado yupo.