Honi za Treni kwenye Malori ya Mchanga

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Maulid Khatib, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyekuwa akinunua mali Guangzhou miaka ya tisini. Wenzake walijazana soko la Zhanxi kutafuta viatu. Yeye aliuza honi. Honi za treni.

Zilitoka kwenye karakana ya vifaa vya reli, mitaa ya nyuma ya stesheni ya huko Guangzhou. Mzee mmoja aliianza kwa kutengeneza taa za ishara. Bintiye, Laoban Liang, yaani Bosi Liang, akaongeza breki na honi. Kila mnunuzi alimuuliza: hizi zinakwenda reli gani?

Mwaka 1997 Maulid alimjibu bila haya: reli ya kwetu. Uongo, wasikilizaji. Honi zilikwenda kwenye malori ya mchanga. Zikauzika kama njugu. Mtaa mzima ukazoea kusikia treni pasipo na treni. Maulid akaitwa Bwana Honi, na jina lenyewe alilipenda.

Mwaka uliofuata, akiwa Guangzhou, mkewe Swalha alimpigia simu. Treni ilikuwa imemgonga Felisia, muuza ndizi wa pale kwenye kivuko cha reli. Bi Swalha anakumbuka: "Nilimwambia, baba Lulu, honi ililia, watu wote waliisikia. Felisia akawaambia wenzake, lori tu hilo, akavuka."

Maulid alikwenda karakanani hana pa kuuweka uso. Mzigo wake mpya ulikuwa tayari mlangoni. Akamweleza Laoban Liang yote: hakuna reli, ni malori, na mtu amekufa. Mama yule hakufoka. Alianza kuzirudisha honi ndani mwenyewe. Maulid akainama amsaidie. "Bu yao," akaambiwa. Sitaki. Neno hilo alilisikia sokoni kila siku, lakini siku hiyo lilimkata maini.

Akahamia kwenye viatu kama wenzake. Dar akawa anazunguka mtaa wa pili, asipite kwa akina Felisia. "Nilimsihi twende tukahani," anasema Bi Swalha. "Akaniambia, mama Lulu, nitaanzaje?" Hakwenda. Tumemzika Alhamisi, na hakwenda.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo huwa tunatoa mkono wa pole kwa wafiwa. Bi Swalha na bintiye Lulu tunawapa. Lakini wao wametuomba kwanza tubishe mlango ambao marehemu aliukwepa. Nawe uliye na mlango wa namna hiyo, jifikirie ungali hai.

Mama yake Felisia, kama unatusikia, haya ni maneno ya Lulu: "Pole, mama. Watu walisema mwanao alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe. Aliyemdanganya ni baba yangu."